Mkono wa Fundi Fulgensi

Mzee aliingia kwenye maonyesho yangu akiwa amevaa koti la misa. Akazipita kazi kumi bila kugeuza shingo, akasimama mbele ya ile iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote, akaikwangua kwa ukucha.

Mlinzi alitaka kumtoa. Nikamzuia, kwa sababu tangu nianze kuonyesha kazi zangu sikuwahi kumwona mtu akigusa. Watu wa maonyesho hufunga mikono nyuma na kuinamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayesikiliza mvua. Huyu alikuwa anapima kama lipu imekauka.

Kazi yenyewe niliiita *Mvua ya Kwanza*. Ilikuwa ubao wa futi nane uliopigwa lipu ya kukwaruza, na juu yake vidonge sitini na vinne vya saruji vilivyopangwa kwa mistari, kila kimoja kimekatwa usoni kwa pigo moja la mwiko. Mwandishi mmoja kutoka Dodoma alikuwa ameandika kwamba vidonge vile ni “ukimya unaohesabika”. Sikuelewa maana yake, lakini niliyahifadhi maneno hayo na kuyasoma kila nilipokosa usingizi.

“Kamwene, baba,” nikamsalimu. “Shikamoo.”

Akaitikia, kisha akauliza nani amepiga lipu hii. Nikasema ni mimi. Hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu wa kulia. Akaniuliza kama napenda mchanganyiko wenye maji mengi au machache, nikamjibu machache. Akauliza kama natupa kutoka begani au kiwikoni, nikamjibu kiwikoni. Alikuwa anauliza taratibu, kama padri anayesikiliza maungamo ya mtu anayemjua.

“Na ukishakata, mwiko unaupangusia wapi?”

“Paja la kushoto,” nikasema. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Suruali zangu zote zina baka la saruji mahali hapo, na mwenyewe sijui tabia hiyo niliitoa wapi.

“Mama Salvius alinigombeza miaka thelathini na minane kwa baka hilo,” alisema yule mzee. “Mwanangu, huo mkono ni wangu.”

*

Niseme ilivyokuwa. Miaka minne kabla ya siku ile mimi nilikuwa msimamizi wa mtambo wa kuchapa nyumba, hapa hapa Iringa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kibanda chenye kiyoyozi nikitazama kioo, huku mtambo ukimwaga ukuta tabaka kwa tabaka kama mtu anayekamua dawa ya meno. Nyumba ya vyumba vitatu ilisimama kwa siku mbili, kuta zake laini kama yai. Mafundi lipu waliokuwa wakija kuuliza kazi niliwajibu kwa kipaza sauti, bila kutoka nje. Sijivunii hilo.

Nilipofika miaka arobaini na moja kiharusi kilinipiga nikiwa napiga pasi. Mguu ulirudi baada ya miezi. Mkono wa kulia ulibaki ukining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Ndipo kituo cha tiba ya neva kiliponipa mbegu.

Wengi hudhani mbegu ni nakala, kama picha ya kitambulisho. Siyo. Mazoea ya mkono yana mahali pake ndani ya ubongo, nyuzi zilizosukana kwa miaka, na nyuzi hizo hazikopiwi. Zinang'olewa kwa mtu mmoja na kupandikizwa kwa mwingine, kama mche wa kahawa unavyong'olewa na mizizi yake: kule unaota, huku linabaki shimo. Mtoaji anabaki na mkono wa kushika kikombe na kufanya ishara ya msalaba. Anachopoteza ni ule ufundi. Mpokeaji aliyepooza anapata vyote kwa pamoja, kwa sababu mkono wake unajifunza kuamka kwa kufuata njia za ufundi ule.

Mkono wangu uliamka ukitaka saruji. Nilikuwa napika uji, najikuta nausawazisha ukingoni mwa sufuria. Nikaanza kuokota masalia kwenye nyumba za zamani zilizokuwa zikibomolewa: vipande vya marumaru, nondo zilizopinda, waya wa kufungia, mifuko mitupu ya saruji, chokaa iliyoganda. Nikavipanga, nikavipiga lipu, nikavikwaruza, nikavikata. Havikufanana na mtu wala mti wala nyumba. Watu wakaja kutazama, wengine wakalia mbele yake, na mimi ambaye maisha yangu yote sikuwa nimechora hata kikombe nikaitwa msanii. Kila asubuhi nilikuwa nafungua na kufunga vidole vyangu vitano na kumshukuru mtu nisiyemjua. Sheria inamkataza mpokeaji kumtafuta mtoaji. Ila haisemi lolote kuhusu mtoaji kuukuta mkono wake umetundikwa ukutani.

*

Jina lake lilikuwa Fulgensi Mhelela. Nilimvutia kiti, akakikataa, akazunguka nami kazi moja baada ya nyingine. Nilimwomba anieleze anachokiona.

“Hivi,” alisema akionyesha vile vidonge sitini na vinne, “ni vya kupimia unene. Fundi anaviweka kwanza, anavikata vilingane, akishapata kipimo anavifunika kwa lipu. Havionekani na mtu mpaka nyumba ibomoke. Umewaonyesha watu nguo zangu za ndani.”

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko. Kumbe ukimya wangu unaohesabika ulikuwa vipimo vya ukuta. Alinionyesha pia mikwaruzo ya kushikilia tabaka la pili, na mviringo wa kusugua kona, na jinsi mwiko unavyogeuzwa unapokaribia fremu ya dirisha. Kila nilichodhani nimekibuni, yeye alikijua kwa jina na kwa kazi yake.

Kwenye kazi ya mwisho alisimama kitambo. Ilikuwa lipu ya kijivu inayotelemka kutoka juu, halafu katikati inakatika ghafla na kuacha ubao mtupu na waya mmoja wenye kutu.

“Hapa mkono ungeendelea hadi chini,” alisema. “Najua ulikuwa unavuta. Nani aliusimamisha?”

“Mimi.”

“Basi hicho ndicho chako,” akasema. “Mimi nisingeweza. Ningemaliza ukuta.”

Hakuna mwandishi wa Dodoma wala wa kokote aliyewahi kunipa neno zuri kama hilo. Nilimshukuru kwa mkono, nikamshukuru kwa neno, nikamwuliza nimpe nini. Akasema hakuja kuchukua kitu. Alikuwa ameona picha ya kazi yangu kwenye tangazo la parokia akaja kuhakikisha, basi.

Lakini hakuondoka. Alikaa hatimaye kwenye kile kiti akaniambia habari ya mkewe. Mitambo ilipomaliza kazi za lipu, alikaa miaka minne bila ukuta wa kupiga, na mkono ukakataa kutulia. Alipolala ulipiga ukuta na mgongo wa mkewe. Osmunda, ndiye huyo Mama Salvius, aliamka akisema amepigwa lipu usiku kucha. Kituo kilipotafuta watu wa kujitolea, akautoa ufundi wake, apumzike na amfae mgonjwa. Wakalala vizuri kwa karibu miaka miwili. Kisha Osmunda akaugua, na siku zake za mwisho akamshika mkono ule ule akamwambia, kaburi langu usiiachie mashine, lipige lipu wewe.

“Ukamjibu nini?” nikauliza.

“Unamwambia nini mtu anayekufa? Nilisema ndiyo.”

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Kwao, kama kwa wengi hapa, kaburi hujengewa mwaka ukitimia, ndugu wanakuja, padri anabariki. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Alikuwa amejaribu mara mbili peke yake na lipu yote ilianguka. Mwanawe Salvius alikuwa tayari ameshaagiza mtambo.

Nikamwambia nitalipiga mimi, kwa mkono huo huo. Alitikisa kichwa kwa upole. Osmunda hakusema mkono, alisema wewe.

*

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kituoni kwa Daktari Tumsifu, ambaye ndiye aliyenipandikiza. Sikumficha kitu. Alinikaripia kwa nusu dakika kama sheria inavyomtaka, kisha akafunga mlango na kuniuliza ninachotaka kujua.

Nilitaka kujua kama mbegu inaweza kurudi.

“Inaweza, kabla ya miaka mitatu,” alisema. “Ikifika hapo inaoana na neva zako, na tukiing'oa inakufa, haimfai yeyote. Yako inatimiza tarehe kumi na nne mwezi ujao, saa kumi jioni. Na sikiliza vizuri: mtoaji haruhusiwi kuomba. Ni wewe tu unayeweza kutoa.”

Nikamwuliza nitabaki na nini. Alinipa kikombe cha maji nikishike, akabonyeza kifaa kinachoilaza mbegu kwa muda. Kikombe kilianguka. Mkono ukashuka pembeni yangu, wa mtu mwingine, mzito, na nilisikia ule ubaridi wa miezi saba ya kulishwa kwa kijiko. Kilikuwa kipimo cha dakika moja tu. Nilikuwa nalia kabla haijaisha.

Nitasema ukweli kwa kuwa nimekwisha kuusema kwa mzee mwenyewe: nilifurahi kwamba sheria inamkataza kuomba. Nilirudi nyumbani nikakaa siku nne. Mzee Fulgensi alinipigia simu mara mbili, si kuuliza lolote, kunisalimu tu na kuniambia ile kazi yenye waya imemkaa kichwani. Nilimjibu kwa sauti ya furaha. Nilijiambia kwamba yeye ana mkono unaoshika kikombe, kwamba kaburi ni kaburi, kwamba mimi nina miaka mingi mbele. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililonipa usingizi. Unawezaje kumshukuru mtu kila asubuhi, na siku unapoweza kumrudishia kitu ukajifanya hujui njia?

Mficha uchi hazai. Siku ya tano nilikwenda kwake.

*

Alinipokea barazani, akaniletea chai mwenyewe. Nikamweleza yote bila kupunguza: kwamba mbegu inarudi, kwamba zimebaki siku kumi na nne, kwamba nimelijua hilo siku nne nzima nikanyamaza. Nikasema niko tayari twende kesho.

Alifungua kiganja chake akakitazama, akakifunga. Niliona anavyoutaka ule mkono. Hakuna kitu nimewahi kuona kikitakwa hivyo.

“Ukinirudishia, wako utakuwaje?” akauliza.

“Utaning'inia.”

“Chai utanyweaje?”

“Kwa kushoto. Au kwa kijiko cha mtu.”

Akanisogezea kikombe changu karibu, kama vile nimekwisha kupooza. “Nilipoutoa niliambiwa utamwinua mgonjwa,” alisema. “Nikiuchukua nitakuwa nimemwangusha kwa ajili ya lipu ya kaburi moja. Osmunda mwenyewe atanifungia mlango huko aliko.” Akanywa chai. “Lakini mimi nilipewa ufundi huu na marehemu Kastori, na Kastori hakupungukiwa kitu. Alipiga lipu hadi alipokufa. Hawa watu wa mbegu wanang'oa. Sisi tulikuwa tunafundishana. Nifundishe.”

Nikadhani anatania. Nikamwambia mimi sijui chochote, ni mkono tu ndio unaojua. Akasema hata Kastori alikuwa hivyo hivyo, hakuwahi kueleza jambo likaeleweka.

*

Tulianza kesho yake uani kwangu, kwenye ukuta wa nyuma ya banda la kuku. Alikataa kushika mwiko siku ya kwanza. Mwanafunzi anaanza kwa kuchekecha mchanga, alisema, na akachekecha, mzee wa miaka sabini na miwili, huku akinikemea kwamba simkemei. Fundi gani huyu anamwambia saidia fundi “pole, baba”? Nikajitahidi. Nikamtuma maji, akaenda mbio.

Siku ya pili alitupa lipu ya kwanza ikaangukia kiatu changu. Ya pili ikaangukia kuku. Kichwa chake kilijua kila kitu: angeniambia kosa lake kabla tope halijagusa ardhi, kiwiko kimechelewa, kifundo kimelegea. Mkono haukumsikia. Na mimi mkono wangu ulitupa ikashika kila mara, lakini nikiulizwa nimefanyaje nilikuwa bubu. Tukijumlishwa tulikuwa fundi mmoja kamili, ila kwa bahati mbaya tulikuwa wawili.

Nilichoweza ni kusimama nyuma yake, kuweka mkono wangu juu ya wake, na kutupa pamoja. Mara mia, mara mia mbili. Alikuwa ananiambia kwa maneno kile nilichokuwa namfanyia kwa mkono, na ndivyo nami nilivyojifunza kwa mara ya kwanza ninachokifanya. Kwa nini mchanga wa mto unateleza na wa mlimani unashika. Kwa nini ukuta unanyweshwa maji kwanza. Nilikuwa nimeishi na vitu hivyo miaka mitatu kama mtu anayeimba wimbo wa lugha asiyoijua.

Lipu iliyomwangukia ilirundikana juu ya turubai pale chini, matone na mabonge na nyayo zake zikizunguka mahali pamoja. Siku ya tisa nililitazama turubai lile likiwa limekauka, nikamwomba asilikunje. Akanijibu kwamba kama naweza kuwaonyesha watu nguo zake za ndani, basi hata matapishi ya mwiko wake ruksa. Nimelitundika kwenye fremu ya mbao. Ndiyo kazi yangu ninayoipenda kuliko zote, na sikuigusa.

Siku ya kumi na moja tonge lake la kwanza lilishika ukutani peke yake, bila mkono wangu. Lilikuwa nene na limepinda. Tulilitazama wote wawili likikaa. Akavua kofia.

*

Tarehe kumi na nne tulikuwa makaburini. Alikuwa amebakiza upande mmoja, ule wa kichwani. Mimi nilikuwa nakoroga kwenye karai na kumpelekea, kwa sababu siku hiyo alisema nisimguse mkono hata akikosea. Alikosea mara nyingi. Lipu ya upande wa mashariki ilitoka na tumbo, na kona moja ilikataa kusimama hata tulipoipima kwa timazi mara tatu. Vidole vyangu vilikuwa vinawasha kutaka kuinyoosha. Nikavishikilia kwenye ukingo wa karai.

Saa tisa na nusu simu ililia. Alikuwa Daktari Tumsifu, akiuliza kwa mara ya mwisho kama nina hakika. Nikampa mzee simu aongee naye mwenyewe, maana uamuzi ulikuwa umeshakuwa wa watu wawili. Alisikiliza, akamwambia, “Daktari, nina kazi,” akakata. Saa kumi ilipita akiwa anasugua lipu kwa kibao. Sikusikia kitu chochote ndani ya mkono. Alinitazama tu na kusema hongera, kama mtu anavyompongeza jirani aliyepata mtoto, nami nikamwambia asante, baba, na hapo nikashindwa kuendelea kukoroga.

Siku mbili baadaye ndugu walikuja kwa baraka. Salvius alilizunguka kaburi mara moja, uso wake ukabadilika. Ni mtu mzuri na anampenda baba yake, na ndiyo maana aliona aibu. Alimvuta pembeni, karibu na niliposimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtambo uko barabarani, padri bado, dakika arobaini zinatosha kulifunika lote na hakuna atakayejua.

“Watu watasema nini, baba? Fundi wa miaka arobaini.”

“Ukuta wa kwanza wa mwanafunzi haurekebishwi,” Mzee Fulgensi alimjibu. “Hata mwalimu wake hapo haruhusiwi kuugusa. Muulize.”

Salvius alinigeukia. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Alitazama mkono wangu, kisha wa baba yake uliokuwa umechubuka kwenye vifundo vyote na kupauka kwa saruji, na hakusema tena habari ya mtambo.

Padri alipomaliza na watu walipoanza kuelekea kwenye chakula, mzee alibaki. Nami nilibaki hatua chache nyuma kumsubiri, kwa kuwa ardhi ilikuwa na utelezi. Alipiga goti upande wa kichwani, pale penye kona iliyopinda, akaweka kiganja juu yake.

“Osmunda,” alisema, “unalikumbuka jiko la nyumba yetu ya kwanza, nililolipiga lipu wiki ile ya harusi? Ulisema limepinda, ukanikataza kulivunja. Basi tazama. Nimerudi kama ulivyonikuta.”